Watu wa Simu Moja

Kazini walimwita Fagio, na yeye hakukasirika. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza pale kliniki ya masikio, alipoifuta meza ya mapokezi, akaifuta simu, akaufuta hata waya wa simu, kisha akaanza kumtazama fundi kwa jicho la kutaka kumfuta na yeye. Fundi huyo alikuwa mzee mwenye mzaha, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vile vipande laini vinavyokaa ndani ya sikio, kila kimoja kwa umbo la sikio la mwenyewe. Alirudi nyuma akasema, "Mimi nimeoga, Fagio." Tangu hapo jina likaganda.

Mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni, "Mwanangu, ipo siku utafagia takataka pamoja na wenye nyumba." Fagio alikuwa akicheka. Lakini maneno ya mama hayaozi. Hukaa pembeni yakingoja siku yake.

Daktari wa pale, mwanamke mpole asiyependa kusema jambo mara mbili, alimwajiri Fagio kwa ajili ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na kanzidata ya wateja, majina yao na namba zao za simu, na humo ndani palikuwa vurugu tupu. Wapokezi waliotangulia walikuwa wepesi wa kuandika na wazito wa kutafuta. Mteja akija leo anaandikwa; akirudi baada ya miezi, badala ya kumtafuta alipo, wanamwandika upya. Wala hawakujisumbua na majina ya vitambulisho. Waliandika vile walivyozoea kumwita mtu. Fundi saa mmoja alikuwa humo mara tatu: Fundi Saa, Mzee wa Saa, na Babu Tiktak. Kliniki ikituma ujumbe wa kukumbusha, kwake zinakwenda jumbe tatu. Kuna wiki alikuja kliniki mara tatu, akanywa chai mara tatu, akasema yeye hana ugomvi na utaratibu huo.

"Nisafishie," daktari alimwambia Fagio. "Mtu mmoja, rekodi moja. Vifaa vipya vya kusikia vikifika, kila anayengoja apate ujumbe wake siku hiyohiyo."

Kumwambia Fagio asafishe ni kumsukuma mlevi. Alikaa mbele ya kompyuta akaanza. Mfumo ulikuwa unamwekea rekodi mbili ubavu kwa ubavu na kumuuliza kama hawa ni mtu mmoja. Yeye anatazama jina, anatazama mtaa, anatazama mwaka wa kuzaliwa. Akiridhika anabofya Unganisha, na wawili wanakuwa mmoja. Lo, alivyoipenda kazi ile. Babu Tiktak akarudi kuwa mtu mmoja kama mama yake alivyomzaa. Mama Mapacha na Mama wa Mapacha Wawili wakawa mama mmoja, mapacha walewale. Palipomtatiza, Fagio alikwenda kumuuliza fundi kule nyuma, na fundi alimjibu. Kuuliza si ujinga, na mpaka hapo Fagio alikuwa mtu wa kuuliza.

Kisha vifaa vikawahi kufika. Daktari alichungulia mlangoni akasema, "Mzigo umekuja. Jumbe zinaweza kutoka leo?"

Kazi ilikuwa bado imejaa tele. Lakini chini kabisa ya kioo palikuwa na kitufe ambacho Fagio alikuwa akikikwepa kwa siku zote hizo: Unganisha zote zenye namba moja ya simu. Alikitazama. Akajiambia kwamba namba ya simu ni kama mswaki, kila mtu na wake. Kama rekodi mbili zina namba moja, basi mtu ni yuleyule, kuna nini cha kuuliza? Isitoshe fundi alikuwa anasaga vipande vyake kwa mashine na kelele zilikuwa nyingi. Fagio akabofya.

Ile orodha ndefu ikakauka kama maji kwenye mchanga. Kioo kikawa cheupe, kisafi, hakina doa. Jumbe zikatoka, pamoja na karatasi za majina ya kubandika kwenye makasha ya vifaa. Daktari akamsifu mbele ya watu, na Fagio akaenda nyumbani anajisikia mrefu.

Asubuhi yake fundi saa akatokea wa kwanza, amevaa koti na kunyoa ndevu. Alikuwa amengoja kifaa chake muda mrefu, na mwenye duka wa mtaani kwao ndiye aliyemfikishia ujumbe. Akaketi, akainamisha kichwa, akatoa sikio.

Fundi akafungua kasha lenye jina la Fundi Saa. Ndani mlikuwa na kifaa kipya, na kipande chake cha sikioni kilikuwa chekundu kama pilipili. Akakipaka mafuta, akakijaribu. Hakikuingia. Akakigeuza. Hakikuingia.

"Mzee, sikio lako limenenepa?" akamuuliza kwa sauti kubwa.

"Mimi mwenyewe sijanenepa, litanenepaje lenyewe?" fundi saa akajibu.

Fundi akakiinua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha. Mzaha ukamtoka usoni. "Hiki sikukitengeneza kwa sikio hili," akasema. "Hiki ni cha mtu mwingine."

Daktari alikuja kutazama, na alipoiona ile rangi akavuta kiti akakaa. Watu wote huchagua rangi ya ngozi, ili kifaa kisionekane. Ni mteja mmoja tu aliyetaka nyekundu. Alikuwa mfumaji, mwanamke anayefuma sweta za watoto kwa mashine nyumbani kwake. Maradhi ya mwaka uliopita yalimwondoka yakaenda na masikio yake. Daktari alipomuuliza kwa nini nyekundu, alijibu, "Nataka mama mkwe akiiona ajue sasa nasikia." Walicheka siku hiyo mpaka machozi. Lakini alipoaga alimshika daktari mkono na hakuuachia. Alikuwa mjamzito. "Kwenye mashine yangu ninakaa nimekipa chumba mgongo," alimwambia. "Mtoto akilia nyuma yangu, nitajuaje? Naomba kifike kabla yake." Na daktari aliahidi.

"Yuko ukingoni kabisa, kama hajazaa," daktari akasema. "Fagio, mtafute. Alitumiwa ujumbe saa ngapi?"

Fagio akaandika mfumaji. Mfumo ukasema hakuna. Akaandika sweta, akaandika jina la mtaa. Hakuna. Kilichotokea kilikuwa Fundi Saa peke yake, na Fundi Saa huyo, kwa mujibu wa kompyuta, alikuwa kijana mwenye mimba.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Namba gani hiyo?" akauliza. "Aa. Hiyo ni ya dukani."

"Ya dukani?"

"Fagio, mama, hawa wateja wetu hawasikii simu. Wangesikia simu wangekuja kwetu kufanya nini? Wanapokelewa na wengine. Yule mwenye duka anawapokelea mtaa wake wote."

Hapo ndipo Fagio alipoielewa kazi yake ya jana. Watu saba wa mtaa mmoja alikuwa amewakunja ndani ya fundi saa. Na si hao tu. Kulikuwa na mkwe mmoja aliyekuwa akiwapokelea simu baba mkwe na mama mkwe, wazee wawili ambao hawajapatana miaka mingi, na sasa walikuwa mtu mmoja. Alitafuta kitufe cha kurudisha na hakukiona. Ukiunganisha umeunganisha, maji yakimwagika hayazoleki. Alimkumbuka mama yake na wenye nyumba wake, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimewafuta watu," akasema.

Daktari hakugomba, na afadhali angegomba. "Wengine wote wanaweza kungoja," alisema. "Huyu hawezi. Piga dukani."

Simu ya dukani ilikuwa imezimwa.

Fundi saa, ambaye wakati wote huo alikuwa bado ameinamisha kichwa akingoja kuwekewa, aliandikiwa kwenye karatasi kwamba kifaa chake hakijaja. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Basi nimenyoa bure," akasema. Halafu akasimama. "Dukani ninawapeleka mimi. Ukiongea nami, ongea upande huu."

Wakatoka watatu: fundi na mkoba wake, fundi saa mbele, na Fagio nyuma, amelikumbatia lile kasha kama yai. Njiani alikuwa anahesabu makosa yake, na kila kona ilimkumbusha jingine.

Duka lilikuwa la kawaida, sabuni na betri na mikate nyuma ya wavu. Lakini kando ya mlango, ukutani, kulikuwa na mstari wa misumari, na kwenye msumari mmoja kulining'inia uso wa saa ya zamani, hauna mishale. Fagio akauliza ni nini.

"Ndiyo kupokea simu kwenyewe," mwenye duka akasema. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu sikioni. "Hawa watu wangu nikiwaita hawasikii, sasa nitapiga kelele mpaka lini? Kila mmoja nimempa alama yake. Kliniki ikipiga au ikituma ujumbe, naitundika. Mwenyewe akipita anaiona, anaingia kuniuliza. Jana mlimwita huyu mzee, nikatundika saa."

"Na mfumaji?"

Mwenye duka akainama chini ya meza, akatoa donge la uzi mwekundu. "Huyu hamkumwita. Na mimi mtu asipoitwa situndiki, nitamsumbua mwenye mimba bure." Akaligeuzageuza lile donge mkononi. "Maskini, wiki zote hizi akiamka anapita hapa kutazama msumari wake. Jana jioni alikuja ameshika kiuno, akatazama, hakuna kitu. Akanipungia mkono akaenda zake. Hata sikumaliza kufunga duka nikaona mama mkwe anampandisha kwenye teksi. Wako wodi ya wazazi."

Fagio alikaa juu ya kreti la soda. Aliuona ule msumari mtupu, na aliona nani aliyeufanya mtupu: yeye, kwa kidole kimoja, akitaka kioo kiwe cheupe. Alilia kidogo, waziwazi, mbele ya mwenye duka. Fundi alimwacha amalize, kisha akamgusa bega. "Majuto ni mjukuu, Fagio, na leo tuna kazi ya mtoto. Inuka twende."

Wodini walifika wakati wa kuona wagonjwa. Mama mkwe ndiye aliyewapokea mlangoni, mwanamke wa maneno mengi na mikono mingi zaidi, na kabla hawajajitambulisha alikwishawapa habari zote. Mjukuu amezaliwa alfajiri, wa kike, mzima, na pua ya upande wao. Fagio alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu kliniki. Wazima wote wawili. Alishukuru kimya kimya.

Mfumaji alikuwa ameketi kitandani, na mtoto amelala kwenye kitanda kidogo pembeni. Alimtambua fundi mara moja. Fagio alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi njia nzima, akayaandika kwenye karatasi akampa: kosa ni lake, ndiye aliyelipoteza jina lake, anaomba msamaha. Mfumaji alisoma mpaka mwisho. Alipoongea sauti yake ilikuwa juu kidogo, kama ya watu wasiojisikia.

"Wananiambia alilia sana alipotoka," akasema. "Mimi nimeona mdomo tu."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Fagio alishindwa kumtazama.

Fundi akafungua kasha. Kile kipande chekundu, kilichogoma asubuhi nzima kwa sikio la watu, kiliingia kwa mwenyewe taratibu, kikakaa. Akakiwasha, akasogea nyuma. Mfumaji akatulia. Macho yakaanza kutembea. Yakaufuata mkokoteni wa dawa mpaka mwisho wa wodi, yakapanda kwenye feni, yakashuka dirishani kwenye mlio wa gari.

Mama mkwe, ambaye alikwishazoea kusema chochote mbele yake, alimnong'oneza Fagio, "Mkwe wangu mzuri, lakini hizo nywele jamani."

"Nywele zangu zina nini, mama?"

Mama mkwe akafumba mdomo kwa mikono yote miwili. Wa kitanda cha jirani wakaanza kucheka, na mfumaji mwenyewe akacheka, kisha akashtuka kwa sauti ya kicheko chake. Alicheka tena, pole pole, akikisikiliza.

Lakini alipomgeukia mtoto uso ulibadilika. "Ninyi nawasikia," akamwambia fundi. "Sauti ya mtoto ni nyembamba. Kama hii mashine haimfikii?"

"Itamfikia."

"Utajuaje?"

Fundi akamtazama mtoto. Alikuwa amelala fofofo, amekunja ngumi, hana habari na mtu. Wakangoja. Wazazi wa vitanda vya karibu nao wakangoja. Mama mkwe alipendekeza amfinye kidogo tu, akatazamwa na wodi nzima, akairudisha mikono yake mapajani. Nesi alipita na trei yake, akauliza kuna nini, akaambiwa tunasubiri mtoto alie. "Haya mapya," nesi akasema. "Kawaida mnaniomba dawa ya kumnyamazisha." Lakini na yeye akasimama.

Mtoto akalala. Dakika zikaenda. Fagio alikuwa akikiomba kile kiumbe kidogo kwa moyo wake wote, lia, mama, lia kidogo, nipe hata kilio kimoja.

Mwishowe mfumaji akachoka kungoja. Akawapa mgongo wote, pamoja na mtoto, akaanza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kabati dogo upande wa pili wa kitanda. Alikunja kanga moja. Akachukua ya pili, akaitikisa, na mikono ikasimama hewani.

Akageuka. Wengine hawakuwa wamesikia kitu. Alikuwa amekwisha kumwinamia mtoto wakati kale kasauti kalipojitokeza kwao, kamkwaruzo tu, kama mlango unaojaribiwa, kisha kinywa kikafunguka na kilio chenyewe kikatoka, kikali, kikaijaza wodi.

"Nipo," mfumaji akamwambia mwanawe. "Nimekusikia. Nipo."

Mama mkwe alilia, nesi akajifanya anapanga trei. Fagio alitoa kile kitambaa chake cha kufutia meza, ambacho hakitoki mfukoni mwake, akajifuta nacho uso mzima bila kujali kimefuta nini kabla.

Kabla ya kuondoka alichukua kalamu. Alitaka huyu awe wa kwanza kurudishwa kwenye mfumo, leo hii. Namba ya dukani alikwishaishika kichwani, akaanza kuiandika mwenyewe, na mfumaji akaichungulia ile karatasi.

"Hiyo futa," akasema. "Nilikuwa na laini yangu. Nilipougua niliitia kwenye droo, ya nini tena. Andika hiyo."

Kuwafumua wale wengine kulichukua siku nyingi, na Fagio hakuzilalamikia. Mwenye duka alimsaidia kwa kutundika alama zote kwa mpigo, saa na jembe na bilauri na vinginevyo, mtaa ukadhani pana msiba, watu wakaja mbio. Fagio aliwaketisha kwenye kreti za soda na kuwaandika mmoja mmoja, akiwatazama machoni. Wale wazee wawili wasiopatana walitenganishwa rasmi na wakafurahi. Kifaa cha fundi saa kilifika pia, akanyoa tena. Na kwenye mfumo Fagio aliongeza sehemu mpya kwenye kila rekodi: Anayepokea simu. Kile kitufe cha chini alimwomba daktari kiondolewe kabisa, kisije kikamshawishi mwingine.

Alipomaliza akapiga namba moja baada ya nyingine kuzihakiki. Ya mfumaji aliiweka ya mwisho. Kwenye Anayepokea simu alikuwa ameandika: mwenyewe. Simu iliita kidogo tu.

"Haloo," ikajibu ile sauti iliyo juu kidogo. Nyuma yake mashine ya kufuma ilikuwa inakwenda, kisha ikasimama. "Haloo, nani mwenzangu? Ngoja, ngoja kwanza. Mwanangu analia."

Fagio akangoja.